Kizibao cha Baba Mkwe

Mume wangu Masalu ni mtu wa maneno machache, lakini siku mgongo ulipomkamata aliyatoa yote aliyokuwa ameweka akiba. Alikuwa kwa dada yake kule Dutwa, watu wanapakia pamba, naye badala ya kukaa kivulini kama mgeni akataka kuonyesha kwamba bado ana nguvu. Akainama kuinua gunia. Gunia likabaki chini na yeye akabaki palepale amepinda, ikabidi wampakie yeye kwenye gari na pamba isubiri. Daktari akasema kwa miezi kadhaa asinyanyue kitu kizito kuliko kikombe cha chai. Mimi nilicheka, sitaficha. Nilipomaliza kucheka nikakumbuka Nkoma, nikatafuta pa kukaa.

Kila mwaka pamba ikishavunwa, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma, wanashindana kwenye uwanja wa Nkoma. Hakuna majaji pale. Kila kikundi kinacheza upande wake, na watazamaji wanakwenda wanakopenda. Jioni wenye umati mkubwa ndio wameshinda. Watu wanatazama Wagika, ghafla upande wa pili panatokea kioja, basi uwanja mzima unahama mbio na watoto mgongoni. Anayerekodi video, yaani Masalu, hawezi kuchimbia kamera mahali pamoja. Lazima ahame nao, na akihama kwa kukimbia na kamera mkononi, picha inaruka hadi anayetazama anashikwa na kichefuchefu.

Ndiyo maana Masalu alinunua stedikamu. Asiyeijua nitamweleza kwa ufupi. Ni kizibao cha plastiki ngumu na mikanda, kinafungwa kifuani na kiunoni. Kifuani kuna kitako cha chuma, hapo unachomekwa mkono wenye springi, na ule mkono ndio unaobeba nguzo yenye kamera juu, betri na skrini chini. Mwili unabeba uzito, mkono unameza mitikisiko, na kamera inakwenda hewani imetulia utafikiri inateleza juu ya maji. Mwaka uliopita Masalu alipita nayo katikati ya umati wa Nkoma, na kanda ile watu waliiomba mpaka Nassa. Mzee Ngeleja, mwenyekiti wa kamati ya mashindano, alisema sasa hataki tena picha za kurukaruka maishani mwake.

Huyo huyo Ngeleja alimpigia simu mgonjwa wangu. Akampa pole ndefu, akauliza habari ya ng'ombe, akauliza habari ya mvua ambayo wote tulijua haipo, halafu akasema: "Sasa Masalu, kama ile kitu ya kuelea huwezi, utuambie tu. Kuna vijana Mwanza wako tayari."

Masalu alikata simu akageukia ukuta. Mimi nilijua maana yake. Vijana wa Mwanza wakishaingia Nkoma mara moja, sisi tumetoka. Na Nkoma kwa Masalu si kazi tu. Amekuwa akirekodi pale tangu enzi za kanda kubwa za video, ana sura za watu ambao sasa ni marehemu wakicheza kama wendawazimu. Ukimnyang'anya Nkoma, umemwacha na harusi na vipaimara.

"Mama, nipeni mimi," akasema Scola.

Scola ni mke wa mwanangu Josia. Josia msimu wa pamba anaendesha lori, na hata angekuwepo asingetusaidia, maana akishika kamera utadhani hapa Bariadi pana tetemeko la ardhi. Lakini Scola tangu aolewe kwetu anakaa kwenye studio yetu ya picha anakata na kuunga video, na harusi ndogo ndogo anarekodi mwenyewe. Ana jicho. Anajua bibi arusi atalia dakika gani, na kamera yake inakuwa imeshafika pale inamsubiri. Aliposema "nipeni mimi" macho yalikuwa yanamng'aa, nami nilitaka iwe hivyo hata kabla hajasema.

Nikaingia chumbani nikamwambia Masalu. Akasema, "Anaweza." Kisha akafumba macho. "Ila kizibao kimekaa kwa mwili wangu. Lazima kivuliwe chote kipimwe upya juu yake. Na anayejua kukipima ni mimi."

Hapo tukatazamana, wote wawili tumeona shimo.

Sisi huku ukwe una mipaka yake. Masalu na Scola wanaheshimiana kama inavyotakiwa: hawashikani mikono, hawakai mkeka mmoja, hawapiti karibu wakagusana nguo. Akiwa na neno kwake ananiambia mimi, hata kama binti amesimama anasikia. Mitaa mingine ya hapa mjini siku hizi utawakuta wakwe wanapiga picha wamekumbatiana, shauri yao. Kwetu bado. Na kazi yenyewe ilikuwa ni kufunga mikanda kifuani pa mke wa mtoto wako, kumkaza nyonga, kisha kumzunguka na kumkodolea macho kutoka ubavuni uone anavyosimama. Masalu angekubali kulala na lile gunia kifuani kuliko kufanya hivyo.

"Nitampiga picha kwa simu nikuonyeshe," nikasema.

"Mama Josia, picha si ni macho yaleyale?"

Nikaiweka simu chini.

Basi siku ya mashindano, asubuhi, tukajipanga hivi. Studio yetu ina chumba cha mbele cha kupigia picha na nyuma yake chumba kidogo cha kompyuta, katikati pazia zito. Masalu nikamketisha chumba cha kompyuta kwenye kiti chenye mto. Scola na mimi tukakaa mbele. Yeye angesema, mimi ningefanya. Gari la kamati lilikuwa lije kutuchukua kabla ya adhuhuri. Nilikuwa na hamu mpaka nikajiona mjinga, mtu mzima na wajukuu.

"Mwangaluka baba," Scola akasalimia pazia, akapiga goti.

"Mwangaluka mayu," pazia likajibu, ndivyo tunavyoita mama kwetu. Kisha kwa sauti nyingine, ya kazi: "Mama Josia, laza chini kile kizibao. Katikati kuna upau unaoshuka kutoka kifuani. Mimi ni mrefu. Ufupishe."

Nikafupisha. Nikamvika Scola. Masalu akaeleza kwamba mkanda wa nyonga ndio wenye mali, ukazwe juu ya mfupa mpaka mtu aone kama amefungwa mbeleko. Wa mabegani ukazwe kidogo tu, mabega hayabebi kitu. Nilivuta, nikavuta tena. Scola akasema anapumua, akasema hapana, hapumui, akasema sasa anapumua. Tukacheka. Tukachomeka mkono, nikanyanyua nguzo na kamera yake, nikaitundika.

"Simameni," ikasema sauti. "Mwambie asimame kama anavyosimama siku zote, aachie mikono. Kamera haitakiwi kwenda popote. Ikimkimbia, kitako kimelala mbele. Ikimjia kifuani, kimelala nyuma. Kuna skrubu mbili pale kwenye kitako, moja ya mbele na nyuma, moja ya kushoto na kulia. Niambie inafanyaje."

Scola akaachia mikono. Kamera ikamkimbia. Ikaondoka mbele yake taratibu kama ng'ombe aliyeona shamba la mtu, mpaka mkono ukanyooka wote, naye akaburutwa hatua nzima kabla sijaidaka.

"Inakimbia mbele," nikasema.

"Zungusha ya mbele na nyuma, ile ya chini, kidogo, kuelekea kwako."

Nikazungusha kwa spana. Scola akaachia. Ikakimbia.

"Tena," akasema Masalu.

Ikakimbia. Nikakaza tena, ikapungua lakini ikaenda kushoto. Tukashika skrubu ya pili. Ikarudi katikati, ikatulia, Scola akatabasamu, Masalu akauliza, "Imekaaje?" na palepale ikaondoka. Jasho lilikuwa linanitoka. Nilianza kumkasirikia Masalu, halafu spana, halafu na huyo aliyekitengeneza kizibao huko alikokitengenezea, ambaye bila shaka hakuwahi kuwa na mkwe.

"Baba Josia, hiki kitu kina pepo," nikasema.

"Hakina pepo. Umezungusha kinyume."

"Mimi ndiye nimezungusha kinyume?"

"Nauliza tu."

Tulikaribia kugombana vizuri, lakini simu yake ikalia. Alikuwa Ngeleja. Nikasikia kiti kinalia, miguu inakokotwa, mlango wa nyuma unafunguliwa. Amekwenda uani kuongea asikike kama mtu mzima wa afya. Scola alikuwa bado amevaa, amechoka, akavuta pumzi akajinyoosha.

Kamera ikamjia. Ikarudi yenyewe kutoka mbele ikamgonga kifuani, puu.

Tukaishangaa. Hakuna aliyegusa skrubu. Nikaisukuma mbele, ikarudi tena kumgonga. Dakika moja iliyopita ilikuwa inakimbia, sasa inang'ang'ania kama mtoto anayetaka kunyonya. Masalu akaingia kutoka uani, akakaa, akakohoa, akasema, "Ngeleja anauliza kama tuko tayari," na kamera ikaondoka kwenda mbele.

Mimi sikuiangalia kamera mara hii. Nilikuwa nimesimama ubavuni, nikamwona Scola. Aliposikia sauti ya baba mkwe wake, magoti yalilegea kidogo, kiuno kikakunjika, kichwa kikashuka. Ni kitu kidogo sana. Mwanamke wa kwetu akimsikia baba mkwe anapiga goti, na akiwa na mzigo hawezi kupiga, anainama hivyo tu, mwili unatoa heshima wenyewe bila kumuuliza mwenye mwili. Nami nimeinama hivyohivyo kwa baba yake Masalu mpaka tulipomzika. Ndiyo maana sikuona. Nani anaona kitu anachokifanya kila siku?

"Baba Josia," nikasema, "hebu sema kitu."

"Niseme nini?"

Kamera ikaenda.

"Nyamaza."

Ikarudi, puu.

"Sema tena."

"Mama Josia, unanichezea?"

Ikaenda. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Scola naye akaelewa, akajifunika uso kwa viganja, aibu na kicheko pamoja, na kamera ikawa inayumba mbele yake huku na huku. Asubuhi yote tulikuwa tunakipima kizibao kwenye mwili ulioinama. Kila Masalu alipotoa maelekezo, mwili ukabadilika, na maelekezo yakawa ya mwili mwingine.

Nikafungua pazia nusu nikamweleza. Alinisikiliza akiangalia sakafu. Nilitegemea acheke, hakucheka.

"Kwa hiyo ninayeharibu ni mimi," akasema.

"Si kuharibu. Ni heshima."

"Kamera haijui heshima, Mama Josia." Akashika mkongojo. "Naenda kwa Mabula fundi baiskeli. Mtaweza wenyewe. Ikikimbia, zungusha kuelekea kwako, ikija, kuelekea kwake. Robo robo, msiwe na pupa. Asimame kama anaangalia mvua inakuja kwa mbali." Akafika mlangoni akageuka. "Na mayu asifikirie kwamba nimekasirika."

Alipotoka tulifanya kazi. Mungu wangu, tulifanya kazi. Scola alisimama wima kama anaangalia mvua kwa mbali, mimi nikapiga magoti mbele ya kitako na spana. Robo kwake. Robo tena. Kushoto kidogo. Aliachia mikono, kamera ikafikiri, ikasogea upana wa kidole, ikasimama. Hatukupumua. Ilikaa mbele yake hewani bila kushikwa na mtu, kama kikombe kilichowekwa mezani. Scola akapiga hatua moja, ikaja naye. Hatua nyingine. Akatoka mlangoni, mimi nyuma, akashuka ngazi za studio, nikaangalia skrini, na ile picha haikujua kama kuna ngazi. Akaenda mpaka kwa muuza mitumba akazunguka rundo la nguo, akarudi kinyumenyume, watu wa mtaa wamesimama midomo wazi. Nilikuwa nimemshika mkanda wa nyuma nimwongoze asijikwae, nikahisi mwili wake unavyotembea, umepata mahali pake, hauogopi. Nilitaka kupiga vigelegele na nikapiga.

Jambo moja tu likabaki, nami nilikwenda kulifanya kwa Mabula. Masalu alikuwa amekalia kreti la soda anamfundisha Mabula kazi ya baiskeli.

"Imekaa?" akauliza.

"Imekaa. Sasa, Baba Josia, Nkoma huendi."

Nilijua nilichokuwa namwambia. Hajawahi kukosa. Mwaka niliomzaa Josia alikosekana kwangu lakini Nkoma alikuwepo.

"Akikuona tu kwenye umati," nikasema, "mwili utainama. Na ukiinama pale katikati ya kuhama, picha imekwenda. Ngeleja atakuwa amesimama hapohapo."

"Najua."

"Basi utabaki?"

"Nimesikia, Mama Josia," akasema, akarudi kwenye mnyororo wa baiskeli. Nilipaswa kujua kwamba 'nimesikia' si 'nitabaki'.

Nkoma siku ile ilikuwa imefura. Ngoma za Wagika ulizisikia kabla hujaona mtu, zinakuja kwa chini, kwenye nyayo. Tulipofika Wagika walikuwa na majembe, mistari mitatu, wanayarusha juu yanapepea na kuyadaka bila kutazama, na vumbi linapanda hadi kiunoni. Upande wa pili Wagalu walikuwa na mtu wao wa kucheza na chatu, lakini chatu tunamjua, watu wakawa wachache. Ngeleja alikuja, akamwangalia Scola aliyekuwa anafungwa kizibao, akaniangalia mimi.

"Mwadila," akasalimia. "Masalu yuko wapi?"

"Mgongo."

"Na huyu binti ndiye?"

"Ndiye."

Akaguna. Akaenda kusimama karibu na skrini ndogo tuliyoiweka mezani chini ya mwavuli, ile inayoonyesha kinachorekodiwa palepale, akakunja mikono. Hakusema neno la vijana wa Mwanza, na hakuhitaji.

Scola akaingia. Nilimshika mkanda nyuma, kila hatua yake nikaipiga mimi. Alipita kati ya mistari ya majembe, chuma kinapaa juu ya vichwa vyetu, mimi nasali rozari kimoyomoyo na yeye anatembea tu. Akaingia kwenye uso wa mpiga ngoma mkubwa, akamzunguka, akatoka chini ya mkono wake. Nilipogeuza shingo nikamwona Ngeleja amekunjua mikono.

Kisha kwa Wagalu pakalia mabati. Walikuwa na mkokoteni uliofunikwa turubai tangu asubuhi, watu walishaacha kuujali. Turubai likavutwa, akatoka tembo. Tembo mzima, wa magunia ya mbolea yaliyoshonwa, wanaume ndani yake, masikio ya makuti ya ukindu, mkonga wa mpira wa maji. Huku kwetu tembo tunawajua, wanatoka porini wanakula mahindi yako unawaangalia. Huyu alianza kula kofia za watu. Wacheza ngoma wa Wagalu wakamfukuza na madebe wakiimba, naye akageuka akawamwagia maji. Uwanja ukalipuka. Watu wote waliokuwa kwa Wagika wakahama.

"Sasa," nikamwambia Scola sikioni, ingawa alikuwa ameshaondoka.

Hicho ndicho alichokuwa anakitaka Ngeleja, na Masalu, na sisi wote: kuhama. Tulikwenda ndani yake, akina mama wanatupita na vitenge vinapepea, wazee wanakimbia na viti vyao, na kamera mbele inaelea, imetulia, inamtazama tembo anavyokua. Umati ulipofika ukajigawa ukaacha njia nyembamba. Scola akaingia kwenye ile njia. Na mwisho wa njia, mbele kabisa, kwenye kiti cha plastiki chenye mto mgongoni, alikuwa amekaa Masalu.

Alikuja kwa bodaboda, mgongo ule, njia ile. Alichagua upande wa Wagalu kwa sababu hapakuwa na watu, akijua kamera iko kwa Wagika. Hakuna aliyejua habari za tembo.

Scola alimwona, nami nikamwona palepale. Mkono wangu ulikuwa kiunoni pake na nikausikia mwili unaanza, ule ulegevu wa magoti, mfupa wa nyonga unageuka chini ya mkanda. Hatua nne tano mbele yetu tembo amesimama kwa miguu ya nyuma. Nilitaka kusema usiiname, lakini ningemwambiaje mke wa mwanangu, mbele ya Nkoma nzima, ampite baba mkwe wake wima kama anapita mti?

Masalu akainuka. Mtu ambaye asubuhi nilimvalisha soksi mimi. Aliinuka bila mkongojo, akatupa mgongo. Akageuka kabisa, uso kwenye mashamba, mgongo kwetu, akaenda hivyo ndani ya watu, akiwasukuma, mtu pekee pale uwanjani aliyekuwa anamkimbia tembo. Watu wakamzomea awapishe waone. Kiti kikabaki kitupu.

Kiuno cha Scola kikasimama. Nilisikia kinasimama, mfupa juu ya mfupa. Kamera ilikuwa imeanza kwenda mbele, nusu hatua, ikasita, ikarudi kukaa. Tukapita kwenye kile kiti, tukamfikia tembo, akanyanyua mkonga juu ya lenzi, Scola akazama chini yake akatokea upande wa pili, na maji yakamwagika nyuma yetu juu ya watu. Nilikuwa nalia na kucheka, nimelowa, sijali. Nyuma nikasikia Ngeleja kule mezani anapiga kelele kwa Kisukuma maneno ambayo mzee wa kanisa hasemi.

Wagalu walishinda. Ngeleja alikuja kumshika Scola mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia mwakani waje mapema wachague mahali pa kuegesha gari. Nikamwacha Scola akifungua mikanda, nikaenda kumtafuta mume wangu nikiwa na matusi tayari mdomoni.

Nilimkuta nyuma ya banda la soda, ameshika nguzo, bado ameelekea mashambani. Pembeni yake hapakuwa na mtu. Ngoma zilikuwa zinapigwa nyuma yake, watu wanaangua vicheko, na hakugeuza hata shingo, maana hakuna aliyemwambia kama mkwe wake ameshapita. Matusi yakaniisha.

"Wabeja, Baba Josia," nikamshukuru.

"Amepita?"

"Amepita."

"Aliinama?"

"Hakuinama."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akasema, bado anaangalia mashamba, "Nilisikia watu. Sijawahi kusikia Nkoma inapiga kelele namna ile. Wagalu walitoa nini?"

Nikamshika mkono, nikaanza kumsimulia.